Wasomaji wawili wasiotumia macho: historia fupi ya kupima tovuti



Nianze na aibu yangu mwenyewe. Kuna mwenzetu mmoja, tulimaliza naye promosheni moja, ambaye haoni. Telefone yake inamsomea kwa sauti kila kitu kinachopita kwenye skrini: ujumbe, vitabu, hata majina ya watu wanaompigia. Siku moja akanipigia: "Ndugu, lile tangazo la mafunzo ya mbegu linasema nini?" Nikamjibu kwamba limetoka tangu wiki nzima, na kila kitu kiko ndani: tarehe, fasi, masharti. Akacheka kidogo. "Kwangu telefone ilisema neno moja tu: image." Tangazo lilikuwa afishi. Maandishi yote yalikuwa ndani ya picha. Na siku ya mwisho ya kujiandikisha ilikuwa jana yake. Ile afishi, mimi njo niliitengeneza.

Usiku ule nikafanya kitu kingine. Nikachukua maneno ya lile tangazo, neno kwa neno, nikayaandika kwenye Google. Hakuna kitu. Ilinionyesha mafunzo ya nchi zingine na ya miaka ingine, lakini yetu hapana. Njo nikaelewa kwamba rafiki yangu na Google walikuwa wamegonga ukuta mmoja.

Kila tovuti iko na wasomaji wawili wasiotumia macho. Wa kwanza ni roboti ya injini ya kutafuta, ile programu inayozunguka intaneti usiku na mchana ikisoma kurasa na kuziweka kwenye orodha yake. Wa pili ni mtu asiyeona, anayesikiliza ukurasa kupitia programu ya kusoma skrini. Wote wawili hawaoni rangi, hawaoni mapambo. Wanakula maandishi tu, na mpangilio wa maandishi.

Nimechimba kidogo historia ya namna watu walianza kupima tovuti kwa ajili ya wasomaji hawa wawili. Nilichokuta ni hiki: sheria za kuifurahisha roboti zimebadilika kila baada ya miaka michache, lakini sheria za kumheshimu mtu asiyeona zimebaki karibu zile zile tangu mwaka 1999. Kwa sisi wenye mega kidogo na muda kidogo, hiyo ni habari nzuri. Nitaeleza juu ya nini.

1. Mwanzo: ukurasa ulikuwa maandishi

Tim Berners-Lee, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi CERN kule Geneva, alitoa pendekezo lake la mtandao wa kurasa mwaka 1989, na mwaka 1991 tovuti ya kwanza ikafunguliwa kwa watu wa nje. Haikuwa na picha. Ilikuwa vichwa vya habari, aya na viungo vya kukupeleka ukurasa mwingine. Mtu asiyeona angeweza kuisikiliza yote bila shida. Tunaweza kusema kwamba tovuti ya kwanza ya dunia ilikuwa rafiki wa asiyeona kuliko tovuti nyingi za leo. Maendeleo mara ingine ni kama jembe jipya: linalima haraka lakini linakata na mizizi ya mihogo.

Mwaka 1993 ilitoka programu ya Mosaic, iliyoonyesha picha katikati ya maandishi, na hapo watu wengi wakaanza kupenda intaneti. Lakini picha ilileta swali: mtu ambaye ordinatere yake haiwezi kuonyesha picha atafanyaje? Jibu liliwekwa mapema. Katika HTML 2.0, kanuni za lugha ya kurasa zilizotoka mwaka 1995, kulikuwa na sehemu ndogo ya kuandika maneno yanayoshika fasi ya picha. Katika HTML 4.0 ya Desemba 1997, maneno hayo yakawa ya lazima. Ni sentensi moja tu nyuma ya picha. Anayeona haioni. Asiyeona anaisikia. Roboti inaisoma. Mukumbuke hiyo sentensi, juu itarudi mpaka mwisho.

2. Roboti zinaanza kazi, na watu wanaanza kudanganya

Kurasa zilipokuwa mingi, hakuna mtu aliyeweza tena kuzijua zote. Mwaka 1994 ilitoka WebCrawler, iliyotengenezwa na Brian Pinkerton kwenye Chuo Kikuu cha Washington, Marekani. Iliwawezesha watu kutafuta neno lolote lililo ndani ya kurasa zima, si katika kichwa peke yake. Desemba 1995 ikaja AltaVista, kubwa zaidi na ya haraka zaidi.

Hapo njo kipimo cha kwanza kilizaliwa: tovuti yako inatokea nafasi ya ngapi? Na pale penye kipimo, munajua wenyewe, panazaliwa na ujanja. Injini za wakati ule zilihesabu maneno. Basi watu wakaandika neno moja mara mia chini ya ukurasa. Wengine wakaandika kwa rangi nyeupe juu ya karatasi nyeupe, mgeni asione lakini roboti isome. Kulikuwa pia na fasi ya kuorodhesha maneno muhimu ndani ya msimbo wa ukurasa. Watu wakaijaza maneno yasiyohusu kazi yao hata kidogo, kusudi tu wapate wageni.

Mwaka 1998 Larry Page na Sergey Brin, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, wakaanzisha kampuni ya Google. Wazo lao lilitoka kwenye jambo ambalo sisi wa chuo tunalijua: kazi ya kisayansi inayotajwa na wengine inahesabiwa kuwa na uzito. Wakasema kiungo kutoka ukurasa mmoja kwenda mwingine ni kama kura, na kura ya ukurasa wenye heshima ina uzito zaidi. Wazo lilikuwa zuri kabisa. Lakini haikuchukua muda watu wakaanza kuuza na kununua viungo, kama vile wengine wanavyonunua kura. Kwa hiyo Google nayo ikaingia kwenye mbio zisizoisha za kubadilisha sheria.

3. Upande mwingine: kipimo cha 1999

Wakati hao wakihesabu maneno, kulikuwa na kundi lingine linafanya kazi polepole. Mwaka 1997 shirika la W3C, lile ambalo Berners-Lee mwenyewe alilianzisha kulinda kanuni za mtandao, liliunda ofisi ya kushughulikia watu wenye ulemavu. Tarehe 5 Mei 1999 ofisi hiyo ikatoa kanuni zake za kwanza, WCAG 1.0. Zilikuwa na miongozo 14 na mambo 65 ya kukagua, yamepangwa kwa ngazi tatu za umuhimu.

Mwongozo wa kwanza kabisa ulihusu ile sentensi yetu: kila picha na kila sauti viwe na maelezo yanayofanya kazi ile ile. Mwongozo wa pili: usitegemee rangi peke yake kutoa maana. Ukisema "sehemu zilizo nyekundu ni za lazima", asiyeona nyekundu umemwacha nje.

Hata mashine ya kukagua ilikuwako tayari. Mwaka 1996 kituo cha CAST cha Marekani kilikuwa kimetoa chombo kinachoitwa Bobby. Unakipa anwani ya ukurasa, kinakuonyesha makosa. Ukifaulu, unaruhusiwa kuweka alama ya Bobby kwenye tovuti yako. Watu wakapenda ile alama. Hapo pia ugonjwa ukaanza: wengine walitafuta alama kuliko kumsaidia msikilizaji. Tutarudi hapo.

4. Sydney, mwaka 2000

Kanuni za W3C hazikuwa sheria ya serikali. Nani angeogopa? Jibu lilitoka Australia. Bruce Maguire, raia asiyeona, alilalamika mwaka 1999 kwamba hawezi kutumia tovuti ya Michezo ya Olimpiki ya Sydney. Picha nyingi hazikuwa na maelezo, na majedwali ya matokeo hayakusomeka kwa chombo chake.

Waandaaji wakajitetea kwamba kurekebisha kungechukua zaidi ya mwaka na kugharimu zaidi ya dola milioni 2 za Australia. Wataalamu walioitwa kutoa ushahidi wakaonyesha kwamba kazi ni ndogo, mbali sana na hesabu hiyo. Mwezi Agosti 2000 tume ya haki za binadamu ya nchi ile ikampa Maguire haki na kuamuru tovuti irekebishwe kabla ya michezo kufunguliwa tarehe 15 Septemba. Haikurekebishwa yote, na waandaaji wakaamriwa kumlipa dola 20,000.

Pesa hiyo ni kidogo ukilinganisha na Olimpiki. Lakini kesi ilionyesha jambo ambalo mkulima yeyote anajua: kurekebisha mistari baada ya mahindi kuota ni kazi ngumu, kuipanga siku ya kupanda ni kazi rahisi. Tovuti iliyojengwa vizuri tangu mwanzo haidai mamilioni.

Miaka michache baadaye, Februari 2006, shirikisho la wasioona la Marekani lilishitaki duka kubwa la Target kwa sababu tovuti yake haikutumika bila macho. Kesi ikaisha kwa mapatano mwezi Agosti 2008: Target ikatoa dola milioni 6 kwa ajili ya walalamikaji. Tangu siku ile wafanyabiashara wengi wakaanza kuuliza, kwanza kwa woga, kisha kwa faida.

5. Barabara mbili zinakutana

Mwaka ule ule wa 2006 kulitokea majaribio ambayo watu wengi wameyasahau. Mhandisi T. V. Raman, mwenye asili ya Uhindi, aliyepoteza uwezo wa kuona akiwa kijana, alikuwa ameajiriwa na Google. Mwezi Julai akatoa aina ya pekee ya Google: ukitafuta kitu, kurasa zinazosikika vizuri zinapandishwa juu. Kwa mara ya kwanza wasomaji wetu wawili walikaa meza moja. Majaribio hayakudumu. Lakini ukiangalia yaliyofuata, utaona injini ya kawaida nayo imesogea upande ule.

Septemba 2009 Google ikatangaza wazi kwamba ile orodha ya maneno muhimu iliyofichwa ndani ya msimbo haiitumii kupanga kurasa. Februari 2011 ikaanza kushusha tovuti zilizojaa maandishi mepesi yasiyo na faida. Aprili 2012 ikashusha zilizonunua viungo na kurundika maneno. Tarehe 21 Aprili 2015 ikaanza kupandisha kurasa zinazosomeka vizuri kwenye telefone. Mwaka 2021 ikaongeza vipimo vya haraka na utulivu wa ukurasa: sehemu kubwa ya ukurasa ionekane ndani ya sekunde 2.5, na vitu visirukeruke wakati mtu anataka kubonyeza.

Hesabu ni sheria ngapi hapo, na kila moja ilipotoka kuna watu walilia. Waliokuwa wamejenga kwa ujanja walianza upya. Sasa linganisha na upande mwingine. WCAG 2.0 ilitoka tarehe 11 Desemba 2008. WCAG 2.1 ikatoka mwaka 2018, na WCAG 2.2 tarehe 5 Oktoba 2023. Mambo yameongezwa, hasa kwa ajili ya telefone na kwa watu wenye shida ya kukumbuka au kushika. Lakini sharti la kwanza kabisa la 2.2 ni lipi? Picha iwe na maelezo yake. Ile ile ya 1999. Mtu aliyeandika maelezo mazuri ya picha mwaka 1999 hajalazimika kuyafuta mpaka leo, si kwa ajili ya asiyeona, si kwa ajili ya roboti.

Njo maana ninasema hiki ni kipimo kisichooza. Roboti inabadilika juu watu wanaidanganya, na wenye roboti wanatafuta njia ya kukaribia kile ambacho msomaji wa kweli anahitaji. Mwenye kumhudumia msomaji wa kweli tangu mwanzo anaikuta roboti ikimfuata nyuma.

6. Alama 100 si mavuno

Sasa wenzangu wa sayansi mutauliza: si kuna mashine za kupima? Ziko, na za bure. Google ilitoa Lighthouse mwaka 2016. Unaifungua ndani ya Chrome, unaipa ukurasa, inakupa alama kutoka 0 mpaka 100: kwa haraka, kwa kufikiwa na wenye ulemavu, na baadaye hata kwa kuonekana kwenye injini. Ni chombo kizuri. Mimi ninakitumia.

Lakini mwaka 2019 Manuel Matuzović, mtengenezaji wa tovuti wa Austria, alifanya mchezo wenye mafunzo. Alijenga kwa makusudi ukurasa mbaya iwezekanavyo, ambao asiyeona hawezi kuusikiliza, asiyetumia kipanya hawezi kuutumia, na hata mwenye macho mazuri hasomi kitu. Kisha akaupima. Lighthouse ikampa 100 kwa 100 kwenye kufikiwa. Miaka miwili mbele, 2017, wataalamu wa serikali ya Uingereza walikuwa wametengeneza ukurasa wenye makosa zaidi ya mia moja na kuujaribu kwa vyombo mbalimbali. Hata chombo kizuri kuliko vyote hakikufikia nusu ya makosa.

Sisi wa agronomia hatushangai. Mwaka 1869 Friedrich Nobbe alifungua kule Tharandt, Ujerumani, maabara ya kwanza ya kupima mbegu, juu wakulima walikuwa wanauziwa takataka kwa jina la mbegu. Mpaka leo tunafanya hivyo: unahesabu mbegu 100, unaziweka kwenye unyevu, unahesabu zilizoota. Zikiota 30, usipoteze muda, mbegu ni mbaya. Lakini zikiota 98, je, umevuna? Bado. Kuna udongo, kuna mvua, kuna panzi, kuna mkono wa mkulima. Kipimo cha maabara kinaweza kukuambia mbegu imekufa. Hakiwezi kukuahidi mavuno.

Lighthouse iko vile vile. Inaweza kukuambia kwamba picha haina maelezo. Haiwezi kujua kama maelezo ni ya kweli. Ukiandika "picha1" nyuma ya picha ya jani la muhogo lenye ugonjwa, mashine inaweza kuridhika. Rafiki yangu anasikia "picha moja" na hapati kitu.

Na hata kwa kipimo hicho cha maabara dunia imeshindwa. Kituo cha WebAIM cha Chuo Kikuu cha Utah State kilipima kwa mashine kurasa za kwanza za tovuti milioni moja mwezi Februari 2019. Asilimia 97.8 zilikuwa na makosa yanayoonekana kwa mashine. Mwaka 2024 bado ilikuwa asilimia 95.9. Kosa lililoongoza ni maandishi yenye rangi iliyofifia, yanayokaribiana na rangi ya nyuma. Picha zisizo na maelezo nazo ziko kati ya makosa makubwa. Hizo ni tovuti za wenye pesa. Kwa hiyo tusijidharau: hatuko nyuma sana, na kurekebisha hakudai pesa.

7. Pale wasomaji wawili wanapogombana

Tuseme ukweli wote. Kuna fasi ambapo roboti na mtu wanataka vitu tofauti, au watu wanafikiri hivyo. Umeweka picha ya mbegu za maharagwe. Mshauri mmoja atakuambia uandike nyuma ya picha: "mbegu maharagwe, nunua mbegu, bei ya mbegu, mbegu bora, mbegu Bukavu, mbegu Goma." Anafikiri roboti itafurahi. Sasa jiweke kwenye sikio la msikilizaji. Kila picha inamrushia maneno sita ya bure. Picha kumi, maneno sitini. Atafunga ukurasa, na atakuwa na haki.

Andika tu: "Mbegu za maharagwe mekundu ndani ya kiganja, mbegu tatu zimetobolewa na wadudu." Anayesikiliza ameona. Na roboti? Nayo imepata maharagwe, mbegu, wadudu, maneno ambayo mkulima au mwanafunzi atayatafuta kweli. Historia nzima niliyoeleza inasema: ukikuta njia panda, fuata mtu. Roboti itakuja.

8. Kwetu

Wengine watasema: "Hayo ni mambo ya Ulaya. Kwetu wasioona wanaotumia intaneti ni wangapi?" Nina majibu mawili.

La kwanza ni sheria. Katiba yetu ya 18 Februari 2006, kwenye kifungu cha 49, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kulindwa kwa njia maalumu. Mwaka 2015 nchi yetu iliingia katika mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu, na kifungu cha 9 cha mkataba huo kinataja intaneti kwa jina. Tarehe 3 Mei 2022 tukapata sheria yetu wenyewe, nambari 22/003, ya kulinda na kuendeleza haki za watu wenye ulemavu. Kwa hiyo si zawadi tunayowapa. Ni deni.

La pili: vyombo viko tayari mikononi mwao. Zamani programu ya kusoma skrini ilikuwa ya mamia ya dola. Mwaka 2006 Michael Curran, kijana asiyeona wa Australia, alianza kutengeneza NVDA, ya bure kwa ordinatere. Tangu mwaka 2009 telefone za Android nazo zilianza kupata sauti ya TalkBack. Rafiki yangu hakununua kitu. Telefone yake ni ya kawaida kama ya kwangu. Kilichomfungia mlango ni kazi ya mikono yangu, wala umaskini hauhusiki.

Tena kuna jambo la lugha ambalo linatuhusu sisi zaidi kuliko wengine. Ndani ya msimbo wa ukurasa kuna fasi ya kusema ukurasa uko katika lugha gani. Tovuti zetu nyingi zinatengenezwa juu ya kiolezo cha Kifaransa, kisha tunaandika Kiswahili ndani bila kubadilisha. Programu inaamini ni Kifaransa na inasoma vile: h inamezwa, mihogo inakuwa "miogo", ch ya chumvi inakuwa sh, na u inatoka kwa midomo iliyobanwa. Sikiliza aya nzima ya namna hiyo, kichwa kitauma. Kubadilisha ni herufi mbili, fr kuwa sw. Sauti ya Kiswahili iko ndani ya eSpeak NG inayokuja na NVDA, inangoja tu kuitwa.

Na TFC zetu? Tunatumia miezi shambani, tunapima mihogo, ndizi, samaki wa ziwa. Kisha tunaskani karatasi zenye mihuri, zimepinda, tunaziweka kama PDF yenye jina "scan0043". Ile si maandishi, ni picha za karatasi. Injini inaweza kujaribu kubahatisha herufi, lakini kwa karatasi iliyopinda inapotea. Asiyeona hapati kitu. Baadaye mdogo wetu akitafuta ugonjwa wa mihogo wa kwetu, anakuta kazi ya watu wa mbali, naye anaandika kwamba hapa hakuna aliyechunguza. Tulichunguza. Tulijifungia wenyewe ndani ya picha.

9. Mambo matano ya kuanza nayo

Hakuna linalodai pesa.

Kwanza, tangazo lolote la afishi lifuatwe na maandishi yake yote chini ya picha: tarehe, fasi, masharti, namba ya kuuliza.

Pili, kila picha iwe na sentensi moja inayosema kilichomo na juu ya nini iko hapo. Kama ni pambo tu, iache tupu, usimchoshe msikilizaji.

Tatu, vichwa viwe vichwa kweli. Usikuze tu herufi na kuzinenepesha. Chagua alama ya kichwa kwenye programu yako. Asiyeona anaruka kutoka kichwa hadi kichwa kama wewe unavyopitisha macho, na roboti inajua hapo njo jambo kubwa.

Nne, kiungo kisiandikwe "bonyeza hapa". Andika kinapokwenda: "Soma masharti ya mafunzo". Kuna wasikilizaji wanaoomba orodha ya viungo peke yake. "Bonyeza hapa" mara nane haisemi kitu.

Tano, hifadhi TFC kutoka kwenye programu uliyoandikia, usiiskani. Ukurasa wenye sahihi na muhuri uwekwe peke yake. Na jina la faili liseme mada, lisiseme "scan".

Kisha pima mara mbili. Mara ya kwanza kwa mashine, kama Lighthouse. Mara ya pili washa TalkBack kwenye telefone yako, funga macho, jaribu kupata tarehe ya mwisho ya kujiandikisha. Ukishindwa wewe uliyeandika, mwingine atafanyaje?

Mimi nilifanya hivyo kwa ile afishi yangu. Nikaandika maandishi yake yote, mistari kumi na mbili, ilinichukua dakika tisa. Mafunzo yalikuwa yameisha, haikumsaidia rafiki yangu tena. Lakini nilimtumia, akasikiliza, akanijibu: "Sasa ninajua nilikosa nini." Sentensi hiyo imenikaa moyoni kuliko alama yoyote niliyopata chuoni.

Dakika tisa. Tangazo linalofuata litaenda na maandishi yake siku ya kwanza.